Dawa Ilipomkataa Dada

Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa kijiji cha Wenje, kando ya mto, mkulima wa mpunga na ndizi, mwanamke ambaye kicheko chake kilisikika ng'ambo ya mto. Alikohoa muda mrefu akisema ni vumbi. Siku makohozi yalipotoka na damu, mumewe alimpakia mtumbwini tukateremka hadi Garsen, kisha tukapanda lori kwenda hospitali ya pwani. Mimi nilibaki naye kumuuguza.

Alichomwa sindano kila asubuhi na kumezeshwa vidonge vikubwa vilivyomchafua tumbo. Kikohozi kikatulia, mashavu yakajaa. Tulipoagwa, dresa, msaidizi wa daktari, alimpa vidonge vya nyumbani.

"Mama, usijione umepona," alimwambia. "Vikikaribia kwisha, rudi uchukue vingine."

Tulifika wakati maji yamepungua mashambani, watu wote wanapanda. Dada akaingia shambani kama hakuwahi kuugua. Vidonge vilimtia kichefuchefu juani, akawa anaviruka. Mama mkwe wake alipoanza kukohoa, akamgawia.

"Mimi sina kitu tena," aliniambia. "Nimwache mama wa watu ateseke na dawa iko ndani?"

Sote tuliona ni wema. Vilipokwisha, mto ulikuwa umefurika upya, barabara ya kutoka Garsen kwenda pwani imegeuka ziwa, na hakuna lori lililopita.

Kikohozi kilirudi kabla ya mavuno. Maji yalipokauka tulimpeleka hospitali ileile, akachomwa sindano zilezile, lakini homa haikushuka. Daktari alituita nje, dresa akatufasiria.

"Vidudu vilivyobaki kifuani vimeizoea dawa. Haiviui tena."

"Basi mpeni nyingine," shemeji alisema.

"Hapa hatuna nyingine."

Tulimrudisha nyumbani. Mwenyewe aliomba ajengewe kibanda chake pembeni, na akamkataza bintiye mdogo asivuke jiko kuja upande wake. Jioni mtoto alikaa pale jikoni akimpigia mama yake hadithi za mchana kwa sauti kubwa, naye dada akisikiliza, kanga mdomoni. Siku moja mtoto alisahau, akamkimbilia. Dada, ambaye hakuweza tena kusimama bila kushikwa, alisimama.

"Rudi! Usinikaribie!"

Mtoto alirudi analia. Dada alikaa chini, akaniangalia.

"Atanikumbuka kwa ukali huu," alisema.

Alifariki wiki hiyo. Mama mkwe alimfuata mwaka uliofuata. Yeye alipopelekwa hospitali, dawa haikumfaa hata mwanzoni, maana vidudu alivyoambukizwa vilikuwa vya dada, vilikwisha kuizoea.

Nilimlea mtoto. Alipokuwa mkubwa aliniuliza kwa nini mama yake alimfukuza. Nikamweleza yote, vidonge, mafuriko, kibanda. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua mtungi akaenda mtoni. Sijui kama aliniamini.