Nitakula Nikikaa

Hivi wewe umeshawahi kushinda na njaa huku mkoba wako umejaa chakula? Mimi nimeshinda. Na wala sikushinda hapa Houston, nilipandishwa ndege nikaenda kushinda na njaa Lima, kule Peru, kwa nauli ya mwanangu.

Ilikuwa kabla ya korona. Ngoja kwanza nikueleze tunavyoishi, ndipo utanielewa. Mwanangu ana nyumba Sugar Land, hapa pembeni mwa Houston, nyumba kubwa, na ndani kuna meza ya chakula ya watu wanane, miguu yake imechongwa kama ya simba. Siku nimeingia niliifurahia meza ile, mwenzangu. Kumbe ni ya kuwekea barua, laptopu na nguo zinazosubiri kukunjwa. Mwanangu anakunywa chai kwenye gari akienda kazini. Mkamwana wangu ni nesi, anakula kasimama mbele ya friji, mlango uko wazi, kama mtu aliyekuja kuiba. Mjukuu wangu wa kike, miaka kumi na miwili, anachukua sahani anapotelea chumbani. Mimi nasogeza zile barua kidogo, nakaa, natafuna peke yangu, nasikiliza friji inavyonguruma.

Nilipolalamika, mwanangu akasema, "Mama, subiri likizo. Huko tutakula wote pamoja mpaka utuchoke."

Basi nikaisubiri hiyo likizo kama mtoto anavyosubiri Krismasi.

Tumefika Lima, kumbe mwanangu kalipia matembezi ya kuona mji huku mnaonja vyakula vya mtaani. Binti mmoja anatangulia na mwavuli wa njano, wageni wa kila rangi tunamfuata nyuma kama vifaranga. Mnafika kwenye kigari cha chakula, mnagawiwa, mnatafuna mmesimama, wengine wanatafuna wanatembea. Haya, kanisa lile pale, pigeni picha, twendeni.

Sasa mimi mtu wa Korogwe. Kwetu mwanamke mtu mzima hali njiani. Hindi la kuchoma unanunua, unalifunga kwenye kanga, unaenda nalo nyumbani, unakaa, ndipo unatafuna. Bibi yangu angeniona nimesimama katikati ya watu mashavu yamejaa, angefufuka.

Kigari cha kwanza nikapewa unga wa mahindi uliopikwa na nyama ndani, umefungwa jani la mgomba. Harufu yake, jamani. Nikautia mkobani.

"Mama, kula, watu wanatusubiri," mwanangu akasema.

"Nitakula nikikaa."

"Mama, street food inaliwa hivi hivi," mkamwana akadakia, mdomo umejaa. "Ndiyo experience yenyewe."

"Hiyo experience nitaila nikikaa."

Kigari cha pili, vitu kama maandazi ya duara, vimemwagiwa asali nyeusi. Mkobani. Asali ikashuka mpaka kwenye miwani yangu na dawa za presha. Cha tatu, samaki mbichi kaogeshwa ndimu kwenye kikombe. Huyo hawezi kuingia mkobani, nikatembea naye mkononi. Nimeangalia mji wote na kikombe cha samaki. Mji mzuri, sikatai. Maroshani ya mbao yamefungwa pande zote, utadhani kabati limetundikwa ukutani. Wenzangu waliyaona kwenye simu, mimi niliyaona kwa macho, njaa ikiniuma.

Yule binti wa mwavuli akaanza kuingiwa na wasiwasi. Akamuuliza mwanangu kama chakula chao kinanichukiza.

"Mwambie sina neno na chakula," nikasema. "Natafuta kiti."

Pale kanisani nikaona ngazi pana, nzuri. Nikakunja kanga, nikakaa, nikafungua mkoba. Sijagusa hata tonge, askari huyo, firimbi prrr. Hairuhusiwi kukaa. Mtu mzima mimi, nikainuka na kikombe changu. Mjukuu wangu akacheka mpaka akashika tumbo. Nikamwambia, "Cheka, na wewe utazeeka."

Jioni tukafika kwa mama mmoja anachoma mishkaki ya moyo wa ng'ombe. Mweusi kama mimi, umri wetu mmoja, anapepea mkaa kwa kipepeo cha ukindu. Akaniangalia miguu ilivyovimba, akaangalia kikombe cha samaki. Akainuka kwenye kigoda chake, akakifuta kwa aproni, akakipigapiga.

Nikakaa. We, nilikaa.

Yule samaki nikammwaga, alishakuwa wa zamani. Vingine nikavitoa vyote, nikavipanga kwenye kanga mapajani, nikasema, "Karibuni." Mjukuu akavuta kreti la soda, akakaa ubavuni kwangu. Mkamwana akasema hata yeye miguu inamuuma, akavua viatu, akakaa ukingoni mwa barabara. Wageni wengine kuona hivyo nao wakajitupa chini, mmoja baada ya mwingine, utadhani walikuwa wanasubiri ruhusa tangu asubuhi.

Mwanangu peke yake kasimama, anarekodi.

"Baba, kaa," nikamwambia.

"Mama, tumebakiza sehemu mbili, tutachelewa."

"Unachelewa wapi? Si ulisema tutakula pamoja?"

Akamtazama binti wa mwavuli. Binti kashaufunga mwavuli, kakaa, anakula. Basi na yeye akachuchumaa, akatia simu mfukoni. Nikamega ule unga baridi, nikampa yeye kwanza. Mishkaki ikaja ya moto, tukala mkono kwa mkono, tukacheka ile firimbi upya, na hakuna aliyeinuka mpaka mkaa ukaanza kufifia.

Mjukuu wangu akalamba vidole, akaniegemea. "Bibi, I promise. Tukirudi home ile meza nita-clear mimi mwenyewe, na dinner tunakaa wote. Hata Daddy. Akisimama tu, napuliza firimbi."