Ukoo Alionificha Mama

Mwanangu, ipo siku moja kule Lubao, miaka ya tisini, ambayo mpaka leo haijanitoka akilini. Nilikuwa nimepata mchumba, Makokha wa Shianda, kijana mwenye kicheko kizuri. Usinicheke, hata mimi niliwahi kuwa msichana.

Makokha alipokuja kwetu mara ya kwanza, Mama alimwuliza jina la baba yake. Alipojibiwa, akaingia jikoni asitoke tena. Nikamfuata.

"Mama, kwani amekukosea nini?"

"Wacha maswali, ugali inaungua."

Na jiko halikuwa hata na moto! Mtoto mdadisi kama mimi angetulia vipi? Nilimchunguza siku nyingi, nikadhani labda aligombana na watu wa Shianda juu ya miwa.

Wazee wa Makokha wakaja kuposa. Walikula obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, kisha wakaulizana koo, maana kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani. Baba akataja wake. Wageni wakafurahi, hakuna kizuizi. Hapo Mama akatoka jikoni, akapiga magoti mbele yao.

"Wazee, ngojeni. Huyu msichana nilikuja naye hapa kwa tumbo. Ni wa ukoo wenu. Baba yake ni ndugu ya huyu mzee," akasema, akimwonyesha babake Makokha.

Nilimtazama Baba nikitumaini atakataa. Hakukataa. Alijua hakunizaa, ila hakujua aliyenizaa ni nani.

"Mimi sikuulizanga," akasema. "Nilipewa mtoto, nikashukuru."

Nililia kwa hasira, nikamgeuzia Mama mgongo. Nyanya yake Makokha, aliyekuja na wale wazee, kumbe nyanya yangu pia, akanishika mkono.

"Mjukuu wangu, unalilia bwana? Lilia mama yako. Amejiaibisha mbele yetu ndio wewe usiolewe na ndugu yako."

Mficha uchi hazai, mwanangu. Ukiingia kwenye ndoa na mtoto, mwambie asili yake mapema, akiwa bado mdogo. Nawe uliyelelewa na asiyekuzaa, uliza, ila uliza kwa adabu, na jibu lolote likija, usimpunguzie heshima aliyekulea. Mimi nikisema "Baba" hadi leo, ni yule wa Lubao.

Mungu akujalie nyumba ambayo mtoto anaweza kuuliza lolote, na wakubwa wenye moyo wa kumjibu.