Majivu ya Uwanja wa Mama

Siku ile ninaikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa mengine ya ujana wangu yameanza kuchanganyika. Niliamka kwa sauti ya fagio la mama. Sikushtuka, maana kwetu Kisangani mwanamke hapokei wageni uwanja ukiwa mchafu.

Lakini wakati ule uwanja wetu ulikuwa na shimo. Watu wa uchimbaji walikuwa wakitafuta humo namna watu wa kale walivyoishi, nami nilikuwa nikiwabebea udongo. Kwetu alilala Neema, msichana wa Tanzania aliyekuja kujitolea. Zilikuwa siku zake za kwanza nje ya nchi yake. Pondu yetu, kisamvu kwa lugha ya kwao, aliila polepole, kwa heshima.

"Neema, unasema kama radio," nilimtania.

"Na wewe unasema mbiombio kama soko linafungwa," alijibu.

Jioni iliyotangulia alikuwa amefikia jiko la kale: mafiga matatu na majivu katikati. Shefu, mkuu wa kazi, alimwachia ayalinde mpaka yapimwe na kuchorwa. "Yakikaa mahali pake yanatueleza kitu," alisema. "Yakitoka, ni majivu tu. Ukishindwa hili, utarudi kwenu." Neema akayafunika kwa turubai.

Asubuhi hiyo mama aliona turubai, akafikiri sisi wasichana tumeficha uchafu. Alilikunja, akashuka shimoni, akafagia majivu yote. Mafiga aliyapanga vizuri kando ya ukuta, kisha akaenda sokoni.

Neema alisimama ukingoni mwa shimo muda mrefu. "Watanirudisha," aliniambia. "Ni mimi niliyeachiwa."

Shefu alipofika, nilitangulia kusema. "Ni mbuzi, Shefu. Iliingia usiku."

Niliona ninamkinga mama, pamoja na mgeni wetu. Labda niliikinga kazi yangu pia. Hilo sijalijua mpaka leo.

Tonton Asani, mdogo wa baba, alikuwa ameketi pale akisuka mtego wake wa samaki. Hakuinua kichwa. "Alors, basi mbuzi njo ilikamata fagio? Na mafiga, ni mbuzi ilipanga ku ukuta?"

Wabeba udongo wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mwana, umesikia Shefu: majivu ikitoka fasi yake, haiseme tena. Sasa weye unatoa kosa fasi ilikuwa, unapeleka ku mbuzi. Nani atajua tena namna ilifanyika?"

Mama alikuwa amerudi, kapu bado kichwani, na alikuwa amesikia.

"Ni miye nilifagia," alisema. "Huu uwanja ni wangu. Hakuna mutu aliniambia kitu."

Na ilikuwa kweli. Shefu alikuwa amewaonya wafanyakazi wote, isipokuwa mwenye fagio. Nisimwonee: alimwomba mama msamaha mbele yetu. Neema naye alisema amelala nyumba moja na mama, angeweza kumwambia. Hakurudishwa. Lakini majivu hayakusema tena. Nani alipika pale, na alimpikia nani, hatutajua.

Tangu hapo Neema alizungushia shimo kamba. Kila asubuhi alifagia pamoja na mama, na wote wawili walipofika kwenye kamba walisimama, wakageuka.

Mwanangu, shule sikwenda mbali, na huenda wengine watakueleza hili vizuri kuliko mimi. Ukifika ugenini, kazi iliyokuleta mweleze kwanza mwenye nyumba. Na jambo likiharibika, liache pale lilipoharibikia, hata kama ni mikononi mwa mama yako. Ukilihamisha kwa upendo, bado umelihamisha, na wanaokuja nyuma hawatapata cha kusoma.

Mungu akupe nyumba ya kukupokea uendako, na akupe kinywa cha kusema "ni miye" kabla mbuzi hajatajwa.