Gido Mkononi, Gurudumu kwa Mama Mkwe

Bandugu, habari hii siipendi, na kama Neema wangu asingekuwa anaisimulia kwenye kila arusi tunayoalikwa ningeiacha ife yenyewe, lakini kwa kuwa mnaisikia nusunusu, acheni niwape yote mimi niliyepata aibu, tena aibu ya mchana kweupe, mbele ya wazee waliovaa makoti.

Mnajua ninauza vipuri vya kinga, yaani baisikeli, hapa Bunia, pale sokoni. Sasa baba yake Neema alikuwa na kinga ya mashindano ya zamani, ya Kifaransa, nyembamba, gido yake, ule usukani, imeinama kama pembe za kondoo, aliipanda tangu ujana na kila Jumapili alishuka nayo mlima kwenda kanisani, akifika anashika kiuno. "Iko inanivunja mugongo," aliniambia siku moja, "lakini kuuzisha, hapana. Heri niuzishe nyumba."

Nikaona mlango umefunguka. Wakati huo nilikuwa nimeshatuma wazee wangu kumposa Neema na jibu lilikuwa bado, kwa sababu baba yake mdogo alisema kijana huyu hatumjui vizuri (mimi, ambaye nilimtengenezea pedali bure!). Nikajisemea, nitamwinulia mzee gido, apande akiwa wima kama askofu, siku ileile ya jibu, halafu tuone nani atanikataa. Nikamwomba kinga nikaitengeneze, akanipa.

Ndugu yangu wa Aru alikuwa ameniletea potansi ya kisasa, yaani ile shingo inayoshika gido, nyeusi, inang'aa. Shida ni moja: potansi za kisasa hazina mkia. Za zamani zina mkia unaozama ndani ya bomba la mbele na kubana humo, lakini hizi mpya zinakumbatia kwa nje, kwa hiyo ukitaka zikubali kinga ya zamani unazamisha kwanza kipande cha chuma ndani ya bomba, halafu potansi inakikumbatia hicho. Kipande nilikuwa nacho. Lakini bomba la ile kinga ya Kifaransa lilikuwa jembamba kuliko mengine, unywele tu, na kipande kikakataa kuingia. Mtu mwenye akili angetafuta kingine. Mimi nikachukua limu, yaani tupa, nikakikwangua chuma, nikajaribu, nikakwangua tena, mpaka kikaingia kwa raha, raha iliyopita kiasi, na juu yake nikapaka grisi kibao kisishike kutu, halafu (msinicheke bado) kile kipande kina mstari wa kukuonyesha uzamishe mpaka wapi, nami nikauacha mstari nje waziwazi, maana nilitaka gido ipande juu zaidi. Nikakaza boliti, nikaitikisa kidogo, ikatulia, nikaanza kuimba.

Siku ya jibu ikafika. Kwetu, mwanaume na mama wa mchumba wake hawakaribiani: humtazami usoni, humsemeshi, na kumgusa ndiyo kabisa usiwaze. Kwa hiyo sisi wanaume tulikuwa uwanjani kwao, na Mama Neema ameketi kule mlangoni pa jikoni, ametupa mgongo, anamenya ndizi ndani ya beseni la maji.

Baba Neema alipoiona kinga yake alisimama. "Eeh, mutoto, umenirudishia ujana!" Akakunja suruali tayari kupanda. Na mimi, kwa kupenda sifa tu, sikutaka kazi yangu ipite hivihivi kabla wazee hawajaiona vizuri. "Baba, ngoja kwanza nikuonyeshe vile inakata kona," nikasema, nikaruka juu.

Nilienda kasi kuelekea jikoni, nia yangu nigeuke kwa madaha pale karibu na mlango. Nikakata gido kushoto. Gido ikaenda kushoto vizuri sana, gurudumu likaendelea mbele na safari yake. Nikakata kulia, gido ikanitii, gurudumu halina habari. Nikakamata freni, lakini freni nilikuwa nimezilegeza nyaya zake ili zifike kule juu, zikawa hazishiki kitu. Nikavuta gido kwangu kwa nguvu zote, ikang'oka pamoja na kipande chake kinachometameta grisi, nikapiga kelele, "Mama, toka!" Mama Neema akageuka, na mimi huyo, nikatua mapajani kwake, maji ya ndizi yakatumwagikia wote wawili.

Nilikuwa nimemtazama, nimemsemesha na nimemlalia, yote kwa mara moja. Nilitamani ardhi inimeze.

"Weye, uko muzima?" akaniuliza. Ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia.

"Niko muzima, mama. Pole kwa ndizi."

Baba Neema hakucheka. Aliokota gido, akapitisha kidole kwenye ile grisi, kisha akaitazama barabara inayoshuka kanisani, yenye mawe na malori. "Kesho nilikuwa nishuke na hii," akasema polepole. Mpaka dakika ile nilikuwa nikiwaza aibu yangu tu, kumbe nilikuwa nimemtengenezea mzee wa watu kifo, na kilichomwokoa ni majivuno yangu. Nikalia, sifichi, nililia mbele yao wote.

Baba mdogo, yuleyule mpinzani wangu, akainuka kwa hasira. "Kumugusa mama vile, iko mbuzi! Alete mbuzi ya kuosha aibu hii!"

"Ngoja kwanza," akasema Baba Neema. "Ile mbuzi tunaomba nani?"

"Tunaomba mukwe."

"Na kama ni mutu wa njia tu angeanguka pale, tungemuomba mbuzi?"

"Mutu wa njia? Hapana. Tungemupa maji, aende kwao."

"Basi weye mwenyewe umeshamuita mukwe."

Baba mdogo akaketi tena. Wazee wangu, waliokuwa wameinamisha vichwa, wakaanza kucheka, wazee wa upande wa Neema nao wakacheka, na kutoka jikoni kikasikika kigelegele, Mama Neema ameshageuza kichwa tena kwa adabu, nguo bado zinachuruzika maji. Nilihisi mwili wote umekuwa mwepesi. Mbuzi niliipeleka wiki ileile, jike nene, na sijawahi kulipa kitu kwa furaha namna ile.

Potansi ya zamani niliirudisha mahali pake. Siku hizi mteja akiniletea kinga ya kizee akataka shingo ya kisasa, ninapima kwanza, na kipande kikikataa kuingia sikibembelezi, limu siigusi, ninamwambia tu ukweli: kinga yako imekataa, na mimi nimeshaoa, sina sababu ya kuanguka tena.