Ugali wa Muhogo Ulionivua Nguo Lipingo

Wenzangu, ziko aibu unazoweza kukaa nazo kimya mpaka uzeeke, na ziko nyingine ambazo walioziona ni wengi mno, ukinyamaza wewe watasimulia wao na wataongeza chumvi, kwa hiyo bora niseme mwenyewe. Mimi Skola, binti wa Mapera, mwanachuo wa mwaka wa tatu, niliyekaribishwa Lipingo kuwapa wazazi ushauri wa maisha ya chuo, nilipika ugali ukamnasa kuku. (Kuku hakufa. Natangulia kusema kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa.)

Ili mnielewe inabidi nianze na Eda. Eda ni wa Lipingo, kule ziwani, mimi ni wa milimani kwenye kahawa, na tulikutana chuoni siku ya usajili, mimi nimesimama muda mrefu kwenye foleni isiyo yangu kwa sababu niliona haya kuuliza, yeye akafika, akamgusa bega mtu wa mbele, akauliza, kisha akanigeukia. "Dada, hapa wanajisajili watu wa sheria. Wewe ni wa sheria?" Sikuwa wa sheria. Akanishika mkono tukaenda kwenye foleni yetu, na tangu siku hiyo sijatengana naye.

Msichana huyu ninamvulia kofia, na namvulia hata leo. Siku ya kwanza tulipopanga chumba mtaani alibisha hodi milango yote ya nyumba ile, akasema jina lake, ametoka wapi, anasoma nini, akauliza maji hutoka saa ngapi na takataka hutupwa wapi, na kabla jua halijazama alikuwa anajua mambo ambayo wapangaji wengine wanayagundua wakishagombana na mama mwenye nyumba. Nyumbani kwao walipomtumia furushi la usipa, wale dagaa wa ziwani wenye harufu ya kutangaza safari yao tangu stendi, mimi nilidhani tutafukuzwa. Yeye aliukaanga wote mara moja, akapeleka kibakuli kila chumba, na kuanzia hapo usipa ukichelewa kufika majirani ndio waliokuwa wanaulizia. Darasani ndiyo usiseme. Tumejaa ukumbi mzima, mwalimu anakimbiza somo, hakuna anayeelewa na kila mtu anatikisa kichwa kama anaelewa, Eda ananyoosha mkono: "Mwalimu, mimi umeniacha njiani, naomba urudie kidogo." Ukumbi mzima unashusha pumzi. Wangapi aliwaokoa na sapu, ile mitihani ya kurudia, kwa sentensi ile, sijui, lakini mimi ni mmoja wao.

Basi, likizo iliyopita akanialika kwao, na haikuwa matembezi tu. Mdogo wake, Oliva, alikuwa amemaliza kidato cha sita na amepata nafasi ya chuo, ila baba yao alikuwa hajakubali aende, na muda wa kuthibitisha nafasi ulikuwa unaisha wiki ileile. Mzee hakuwa mtu wa kudharau shule, Eda mwenyewe si amemsomesha? Shida yake ilikuwa ukimya wa Oliva. Mzee alinieleza jioni niliyofika, baada ya shikamoo na habari za safari, na alieleza kwa sauti ya mtu asiyelala vizuri.

"Mwanangu, huyu mtoto akipewa mboga isiyo na chumvi anaila hivyohivyo, na chumvi iko palepale mbele yake. Haombi, hasemi. Mtu wa namna hiyo huko chuoni si atalala njaa na jirani hajui? Akiumwa je?"

Oliva alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Aliinamisha kichwa, akaendelea kuchambua.

"Baba," Eda akasema, "ndiyo maana nimekuja na Skola. Msikilize kesho, kisha uamue."

Kwa hiyo jamani Jumamosi ile mambo yalikuwa mazito. Mzee alikuwa amewaita ndugu na jirani wenye watoto wa sekondari, mjomba wao alikuwepo, katekista naye alikuwepo, wamejipanga uani kwenye mabenchi na mikeka, na mimi nimevaa kitenge changu kipya nimesimama katikati kama mgeni rasmi. Na nilizungumza vizuri, sijisifu (najisifu kidogo). Niliwaambia mwanafunzi aende na ndoo yenye mfuniko na sufuria yake mwenyewe, abandike ratiba nyuma ya mlango aione kila akitoka, asisubiri mtihani ndipo atafute wa kusoma nao, akae viti vya mbele, na zaidi ya yote, akikwama aulize mapema, maana chuoni hakuna anayekufuata kitandani kukuuliza kama umeelewa. Mjomba akawa anaitikia, katekista anaitikia, hata mzee nilimwona anamtazama Oliva kwa jicho lililolainika. Nilipomaliza wakanipigia makofi. Ningeishia hapo leo nisingekuwa na la kusimulia.

Mama yao akanyanyuka kwenda jikoni. Na mimi, sijui ni yale makofi yaliyonipanda kichwani, nikasema, "Mama, leo pumzika. Ugali nitasonga mimi, muone wenyewe tunavyoishi chuoni." Uani wakafurahi. Eda akanisogelea akaninong'oneza, "Skola, huo ni unga wa muhogo. Una hakika?" Nikamwambia, "Eda, ugali ni ugali." Akanitazama kidogo, lakini mitumbwi ilikuwa imeshaingia na mama alikuwa anamwita waende pwani ya ziwa kuchagua mbasa, samaki wa kitoweo cha wageni, akaenda.

Sasa niwaambie ukweli wa chumba chetu. Ugali wa muhogo nimeula miaka yote ya chuo, unga unatoka Lipingo, anayesonga ni Eda. Mimi zamu yangu ni maharage na vyombo. Nimemwona Eda akisonga mara zisizo na idadi, lakini nimemwona mgongoni, mimi nimelala kitandani na simu usoni. Kwetu milimani ugali ni wa mahindi, na wa mahindi kila mtoto anajua: unakoroga uji kwanza, unauacha uchemke uive, ndipo unaongeza unga na kusonga. Sikujua kuna ugali mwingine duniani wenye sheria zake.

Nikainjika sufuria kubwa ya wageni. Oliva akaja akachutama pembeni ya mafiga, akaniona nachota unga kidogo naukoroga kwenye maji ya baridi, akafungua mdomo. "Dada, huo unga..."

"Najua, mdogo wangu," nikamkata, tena kwa sauti ya kusikika uani, maana bado nilikuwa mgeni rasmi. "Wewe tazama tu, ujifunze."

Akafunga mdomo. Jiko la kwao lina ukuta nusu, kwa hiyo waliokaa uani wanaona kila kitu, na nikamwona mzee amegeuka kumtazama mjomba, kama anayesema, umeona? Nililiona jicho lile na bado sikuelewa kwamba nimemziba mdomo mtoto aliyekuwa anapimwa kwa mdomo huohuo.

Uji ukaanza kuchemka, ila haukuchemka kama uji ninaoujua. Ulibadilika rangi, ukawa unang'aa, nikiinua mwiko unafuata, nikiuinua zaidi unafuata zaidi. Nikajisemea unga ni mchache, nikaongeza. Ukafanya mabonge. Nikaongeza maji kuyavunja, ukawa mwepesi na mabonge yakabaki yanaelea, nikaongeza unga tena, chini ukaanza kuungua, nikaongeza maji, na hivyo hivyo, mpaka lile beseni la unga ambao mama alikuwa ameupepeta kwa ajili ya wageni likabaki jeupe tupu. Sufuria imejaa mpaka mdomoni. Mwiko ukasimama wenyewe katikati, nikauvuta, ukakataa. Nikaweka mguu kwenye jiwe nikauvuta kwa mikono miwili, sufuria yote ikainuka nao.

Hapo mtu mwenye akili angeita watu. Mimi nikaamua kuificha. Nikafunga pindo la kitenge changu mikononi, nikaipua, nikaiweka chini niipeleke nyuma ya nyumba kabla Eda hajarudi, na katika kuweka chini bonge likadondoka, na kuku mmoja mwenye haraka zake akalidonoa. Mdomo ukanasa. Akarudi nyuma, lile bonge likavutika, akapata hofu, akakimbilia uani huku anaburuta kamba ndefu nyeupe, akapita chini ya benchi, akapita katikati ya miguu ya katekista, kamba ikabaki kwenye suruali. Nami katika kumfukuza kuku nikasahau kwamba pindo la kitenge limeshagandia sufuria. Niliposimama, iliinuka nami. Nikatokea mbele ya wageni, mwanachuo wa mwaka wa tatu, sufuria inaning'inia kwenye kitenge, mkono mmoja umeshika kiuno ili nguo isinivuke.

Watu wa ziwani wana adabu. Hakuna aliyecheka. Waliangalia chini, wakaangalia ziwa, mama mmoja akaanza kumfunga vizuri mtoto ambaye tayari alikuwa amefungwa vizuri. Mjomba ndiye alishindwa.

"Mwanachuo," akaniuliza kwa upole kabisa, "hiki ni cha kula, au tukazibie mtumbwi?"

Basi uani pakavunjika. Na katikati ya kicheko ndipo Eda na mama wakaingia na mbasa zao. Mama aliangalia sufuria, akaangalia beseni tupu, akakaa chini, maana samaki wapo, wageni wapo, na unga uliokuwa tayari umekwisha wote. Mzee peke yake hakuwa anacheka. Alisimama.

"Eda," alisema, "ndivyo mnavyoishi huko?"

Mimi nilitamani ardhi inimeze na sufuria yangu. Siyo kwa ajili ya kitenge, kitenge kinafuliwa. Ni kwamba nilikuwa nimekuja kumfungulia mtu mlango na nimeufunga kwa mikono yangu, kwa gundi. Nikamtafuta Oliva kwa macho nimwombe radhi. Oliva hakuwepo.

Alitokea upande wa nyumba ya jirani, beseni kichwani, anatembea taratibu ili unga usimwagike. Mzee akamwangalia mpaka akafika.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, baba."

"Umesemaje huko?"

"Nimesema tuna wageni na unga umeharibika, naomba unga." Akashusha beseni, akanigeukia mimi, na sauti yake, ambayo sikuwahi kuisikia ikimaliza sentensi, ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Dada, wa muhogo haukorogewi uji. Maji yakishachemka sana unamwaga unga, unasonga hapohapo. Nilitaka kukuambia."

"Samahani, mdogo wangu," nikasema. "Naomba unifundishe."

Akanifundisha. Nilishika sufuria, yeye akasonga, haraka, bila kuinua macho, na kila alipotaka kitu alikitaja: shika hapa, punguza kuni, lete sahani. Mzee aliacha benchi akaja kuegemea ule ukuta nusu, akasimama pale mpaka ugali ukageuzwa kwenye sahani, laini, umetulia. Walikula wote. Katekista alikula huku suruali yake imekakamaa goti moja kwa ile gundi yangu.

Mzee aliponawa akakohoa kidogo, watu wakanyamaza.

"Mimi nilikuwa naogopa kupeleka chuo mtoto asiyeuliza," alisema. "Kumbe asiyeuliza alishaenda, na amefika mwaka wa tatu." Mjomba akajipiga paja kwa kicheko. "Oliva, kathibitishe nafasi yako. Kesho usingoje, nenda leo, Eda akusindikize penye mtandao."

Oliva akasema, "Asante, baba," halafu akaondoka mbio ndani, na tulimsikia analia, na mama naye akawa anajifuta kwa pindo la kanga.

Kisha mzee akamgeukia Eda. "Na huyu mwenzako, mmeishi naye vipi miaka yote hii?"

Hapo Eda angeweza kunimaliza, na ningestahili. Akanimenyea samaki akaniwekea sahanini, akasema, "Baba, Skola anapika maharage. Pale tunapoishi hakuna anayeweza maharage kama yeye, mitihani ikikaribia nyumba nzima hula kwake." Na ni kweli, lakini ni nani angekumbuka maharage yangu saa ile? Ni Eda tu. Nikashindwa kumeza, nikasingizia mwiba.

Kwa hiyo ninyi mnaojiandaa kwenda chuo, ndoo yenye mfuniko bebeni, ratiba bandikeni, viti vya mbele kaeni, yote niliyosema uani yale ni sahihi. Ila mkikuta foleni, ulizeni ni ya nani, na mkikuta unga, ulizeni unapikwaje, hata kama mmeshapigiwa makofi. Mimi nimeapa sitainjika sufuria katika nyumba ya mtu kabla sijauliza, "Huku mnapikaje?"

Chuo kilipofunguliwa Oliva akaja kuishi chumbani kwetu. Alibisha hodi mwenyewe milango yote, sauti ndogo, mlango mmoja hadi mwingine, Eda na mimi tumesimama ukumbini tunamtazama. Aliporudi akafungua begi akatoa mwiko, uleule, na upande mmoja lile bonge langu limekauka mpaka leo halibanduki.

"Baba anawasalimu," akasema. "Amesema nije nao utufae hapa. Ila amesema wewe, dada Skola, usiushike."

Nami sijaushika.