Jina Ndani ya Mita

Tiii! Mlio ule niliusikia kabla sijaifikia karakana ya shemeji yangu Hamisi, pale Mwigobero, Musoma mjini. Ni mlio wa mita yake ya kupimia umeme, unaosema waya ni mzima. Nilipoingia nikaona ncha zake mbili ziko hewani, hazigusi kitu.

"Sikia inavyodanganya mchana kweupe," alisema Hamisi.

Siku hiyo alikuwa anasubiriwa Butiama, akatengeneze friji ya chanjo ya zahanati. Kwa mita inayodanganya angeweza kuunguza saketi yote. Lakini mita ilikuwa bado mpya, na waranti yake hai. Nikaamua kumsindikiza hadi Bunda kwa wakala aliyemuuzia. Butiama tungepita wakati wa kurudi.

Njiani mawe makubwa ya Musoma yalibaki nyuma, mashamba ya pamba yakaanza kuchungulia. Hamisi alikuwa ameipakata mita kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Bunda, wakala, dada mmoja aitwaye Neema, aliijaribu mara moja tu. "Hii tunabadilisha leo leo, fundi. Mpya ninayo." Akawaandikia watengenezaji kwa simu. Wakataka picha ya stika ya nyuma, ile inayoziba mita isifunguliwe. Neema akaigeuza mita. Stika ilikuwa imechanika.

"Nani kaifungua?"

"Mimi. Nilikwangua jina langu ndani."

"Jina! Ndani ya mita mpya?"

"Mafundi wa Mwigobero tunaandikaga, dada. Ukiazimisha kitu bila jina, kinarudi na utumbo wa kingine."

Neema alicheka, kisha kicheko kikakatika. Simu ilikuwa imeleta swali: je, mteja aliuziwa mita stika ikiwa tayari imechanika?

Nikamnong'oneza Hamisi, "Sema ndiyo, shemeji. Friji inakusubiri."

Neema alisikia. Hakuinua macho. Jibu hilo lingemwondolea uwakala.

Hamisi alipangusa kioo cha mita kwa kidole gumba. "Andika nimefungua mimi. Dada huyu aliniuzia ikiwa nzima."

Jibu halikukawia: waranti imekufa. Pesa ya kununua mita nyingine hatukuwa nayo.

Kutoka Makutano, njia panda ya kwenda Butiama, juu ya bodaboda, nilitaka kuwakasirikia watengenezaji wale wa mbali. Sikuweza. Stika yao na jina la Hamisi vilikuwa vinalinda kitu kimoja. Pande zote mbili ziliogopa mkono usioonekana. Tofauti ni kwamba mwenye jina unaweza kumfuata ukamuuliza. Stika ikishachanika, haijui kusimulia.

Butiama, muuguzi wa zahanati, Mama Anastazia, alitukaribisha uji wa ulezi. Hamisi hakukaa. Alimweleza yote, kofia mkononi.

"Si ufungue tu ujaribu?"

"Nikibahatisha, mama, nitaiua kabisa."

"Kumbe neno moja tu huko Bunda, baba. Neno moja, na friji ingewaka."

"Lingemwangukia yule dada."

"Na hili limewaangukia watoto wangu."

Mama Anastazia alizihamisha chupa za chanjo, moja moja, kutoka kwenye friji iliyokufa, iliyobaki na ubaridi kidogo tu, hadi kwenye boksi la barafu, ili azipeleke Musoma. Akalitia boksi begani. Uji wetu ulikuwa unapoa mezani.

"Kunyweni," alisema kwa upole uliouma kuliko lawama. "Barafu haisubiri."

Akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.