Shamba Nililomlimia Chesko

Kuna watu katika kijiji kile ambao mpaka leo wakiniona na jembe begani huniuliza kwa upole naelekea wapi, kisha hugeuka pembeni wapate kucheka, na mimi siwalaumu, kwa sababu aibu yenyewe niliitengeneza mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu wapatao arobaini, nikiwa na akili zangu timamu na cheti cha ualimu sandukuni. Nitawasimulia kama ilivyokuwa, bila kujipendelea, maana nikijipendelea yupo mtu nyumbani atakayenisahihisha.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni, nikapangiwa shule ndogo ya kijijini, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Ifakara, shule yenye chumba kimoja cha udongo na kingine ambacho kilikuwa bado miti mitupu. Tangu nikiwa na miaka tisa nilikuwa naishi bwenini, na bwenini, kama mjuavyo, chakula huja kengele ikilia. Kwa hiyo nilijua kukokotoa eneo la mstatili, nilijua mito ya Ulaya kwa majina, nilijua kuimba misa ya Kilatini kwa sauti ya pili, lakini sikuwa nimewahi kusonga ugali ukaiva, wala kununua sufuria, wala kukaa katika nyumba ambayo paa likivuja ni mimi ninayetazamwa. Siku ya kwanza nilikaa juu ya sanduku langu mpaka jua likageuka, na baadaye sana ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nangojea kengele.

Ugonjwa wangu mwingine ni kufikiri. Mtu mwingine akiishiwa chumvi huenda kwa jirani akaomba. Mimi niliketi nikapima: nikiomba leo watasema mwalimu hana chumvi, nikiomba kesho watajiuliza leo nilikula nini, nikimtuma mtu watasema naringa. Nikala mboga isiyo na chumvi siku nne, mpaka jirani yangu Bibi Kalista, mjane wa makamo aliyekuwa akinionea huruma tangu nifike, alipopita jikoni kwangu, akaonja, akaenda kwake, akarudi na chumvi kwenye jani la mgomba.

Katika hali hiyo ndipo nilipoposa. Binti aliitwa Agata, wa Mlabani pale Ifakara. Baba yake alikuwa amefariki, akalelewa na baba yake mdogo, Mzee Severini, mtu mwembamba mwenye maneno machache. Nilimpelekea barua niliyoiandika mara sita. Aliisoma yote, akaikunja vizuri kama ilivyokuwa, akasema, "Barua ni nzuri. Na cheti nimesikia unacho. Sasa nataka kuona mpunga."

Mzee wa bonde letu akisema anataka kuona mpunga, hana maana ya gunia la dukani. Anataka kuuona umesimama shambani kwako, ili ajue kwamba binti yake hatakula karatasi. Nilirudi njia nzima nikilirudia neno hilo, na kila nilipolirudia lilizidi kuwa zito.

Shamba nilikuwa nalo, au tuseme nilikuwa nimepewa. Mzee Melkiori, ambaye ukoo wake ndio uliokuwa ukigawa mashamba upande ule wa mbuga, alikuwa amenipeleka wakati wa kiangazi, majani yote yameungua na unaona mpaka mtoni, akanionyesha mipaka kwa kidevu, kama wazee wafanyavyo: unaanzia kichuguu hiki, unaenda kile, unapinda kwenye mkuyu, unashuka mpaka kwenye matete. Niliitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, huku nahesabu vichuguu, na mimi nilikuwa naona vitatu. Nilitaka kumuuliza. Kisha nikafikiri, mimi ndiye ninayewafundisha watoto wa kijiji hiki vipimo, nitaulizaje shamba langu linaishia wapi? Nikajiambia nitamuuliza siku nyingine, tukiwa wawili tu. (Tulikuwa wawili tu.)

Mvua zikaja. Majani yakapanda mpaka kifuani, ile mbuga niliyoiona kiangazi ikapotea kabisa. Mzee Melkiori akaenda Mahenge kwenye msiba wa kaka yake. Wenzangu walikuwa wamekwisha kupanda, na kule bondeni maji hayamngojei mtu: ukichelewa, mafuriko yanaukuta mpunga wako ungali mfupi, yanaufunika, basi. Mimi peke yangu, na mikono yangu ya chaki, nisingeweza. Ikabaki njia ambayo kila mtu huitumia, kualika watu kwa pombe. Unapika pombe, unatangaza siku, watu wanakuja na majembe yao alfajiri, wanalima mpaka jua likiwa kali, kisha mnarudi kwako mnakunywa. Kwa msimu mmoja mtu hualika mara moja tu. Akialika mara ya pili anaonekana anawageuza watu punda.

Nilitoa mahindi yangu yote, Bibi Kalista akapika kwa siku saba, na katika siku hizo akanifundisha desturi. Mwenye shamba ndiye anayetangulia. Ndiye anayepiga jembe la kwanza na kukata mstari, wengine wanafuata mstari wake. Na hakuna atakayemhoji, kwa sababu kumwonyesha mtu shamba lake mwenyewe ni kumtukana. Yote hayo niliyaandika kwenye daftari. Kitu kimoja ambacho ningemuuliza, na ambacho angenijibu kwa kunyoosha mkono tu, sikumuuliza.

Jumamosi yenyewe ikafika. Watu walijaa kuliko nilivyotazamia, na wakati tunaanza kuondoka nikaona baiskeli inakuja, jembe limefungwa nyuma kwa kamba ya mgomba, na juu yake Mzee Severini. Alikuwa amesikia nimealika watu, akaona aje kulima kama mwalikwa mwingine yeyote. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akalifungua jembe lake. Tangu hapo sikuwa na akili tena.

Tukafika mbugani. Kichuguu kimoja kilikuwa kushoto, kimoja kulia, na cha tatu kilikuwa kimemezwa na majani. Nikasimama. Nyuma yangu watu arobaini wamesimama na majembe mabegani, umande unawalowesha miguu, na mimi ninapima: mkuyu ule ndio ule, au ule mwingine? Kama ni huu, basi matete yangekuwa upande huu. Bibi Kalista akanisogelea, akaniuliza taratibu, mtu mwingine asisikie.

"Mwalimu, ni hapa?"

Ndugu zangu, neno lililotakiwa lilikuwa moja, sijui, na aliyeniuliza ni mtu aliyekwisha kuniona sina hata chumvi. Lakini nikamwona Mzee Severini amegeuza kichwa. Nikajibu kwa sauti ile ya darasani.

"Ni hapa hapa, Bibi. Tuanze."

Alinitazama, akalitazama lile shamba, akajifunga kanga yake vizuri kiunoni. Baadaye aliniambia alidhani nimeliazima, kwa kuwa mwenye shamba lile angekuwa tayari kuliazimisha kwa yeyote ili tu asilione. Na wengine wote waliolijua walidhani hivyo hivyo, wakanyamaza kwa heshima. Basi nikapiga jembe la kwanza, nikakata mstari wangu, uliopinda, na watu wakaanza kuimba.

Siwezi kukana kwamba ilikuwa asubuhi nzuri. Majembe arobaini yakienda pamoja unaweza kudhani ardhi yenyewe inasogea. Malengelenge ya viganja yakanitoka, yakapasuka, sikujali. Mzee Severini alilima pembeni yangu bila kuinua macho, na mara moja tu alinirekebisha namna ya kushika mpini. Kufika saa nne nilikuwa nimelewa furaha hata nikawaambia, kwa kuwa bado tuna nguvu, tuendelee mpaka kwenye matete. Wakaendelea. Wanawake wakarusha mbegu wakafukia. Mbegu yangu yote, ndoo ya mwisho, niliimimina mwenyewe.

Tukarudi kwangu, tukakaa kivulini nyuma ya nyumba, pombe ikazunguka. Nilikuwa nimekaa karibu na Mzee Severini nikitunga moyoni sentensi ya kuulizia siku ya mahari, ndipo alipotokea Chesko.

Inabidi niwaambie Chesko ni nani. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, mwenye sauti nzuri kanisani, ila mgongo wake ulikuwa ukimuuma kuanzia Majilio mpaka Pasaka, kila mwaka, na ulipona mpunga wa wenzake ulipoiva. Siku ile alikuwa amevaa shati jeupe. Akawaamkia wazee mmoja mmoja, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu, Mungu akuzidishie. Hata ndugu zangu wa tumbo moja hawajawahi."

Nikamwambia aketi tu, pombe ni ya wote.

"Si pombe, Mwalimu. Shamba. Nimepita sasa hivi nisilijue. Nimelizunguka mara mbili nikidhani nimepotea."

Bibi Kalista akaweka kata chini, akaniuliza kama ina maana sikuwa nimemwomba Chesko shamba. Na hapo, badala ya kufunga mdomo, nikafanya la pili. Nilisema kwamba nilikusudia. Nilisema, na sauti yangu ilikuwa imepanda kama ya mtoto, kwamba nilitaka kumsaidia ndugu Chesko kwa ajili ya mgongo wake.

Mtu mmoja akasema polepole, "Basi Mwalimu, na mimi hili goti langu."

Ndipo kicheko kilipopasuka. Walicheka watu wazima wakalala chini. Chesko mwenyewe alicheka huku bado amenishika mkono. Asiyecheka alikuwa mmoja. Mzee Severini alimaliza pombe yake, akasimama, akasema ameshukuru, akafunga jembe kwenye baiskeli kwa ile kamba ya mgomba, akaenda. Nilimtazama mpaka akapotea kwenye majani, na nikafikiri kwamba sasa nimepoteza mahindi, mbegu, shamba na mke, kwa neno moja la hapa hapa.

Mzee Melkiori aliporudi alicheka mpaka akakohoa, kisha akanipeleka mbugani na kunizungusha mipaka yote kwa miguu, matope yakinifika magotini. Shamba langu lilikuwa ng'ambo ya kichuguu, majani yamenipita kichwa. Lile jingine, alisema, lina mwenyewe, na lililokwisha kulimwa halirudishwi. Kualika tena sikuweza. Kwa hiyo kila siku baada ya masomo nilikwenda peke yangu na jembe, na mbegu aliyonipa Bibi Kalista, na safari hii niliuliza kila kitu. Niliuliza kina cha kufukia. Niliuliza lipi ni gugu na upi ni mpunga (baada ya kung'oa mpunga). Maji yalipokuja nilikuwa nimelima kipande ambacho ungeweza kukitandikia mikeka kumi ukakimaliza. Kipande cha Chesko kilistawi ajabu. Alikaa juu ya dungu lake akifukuza ndege, akiniona napita anapaza sauti, "Mwalimu, shamba letu linaendelea."

Mwezi wa saba nilibeba kikapu kimoja cha mchele kwenda Mlabani. Nilikuwa nimeutwanga mwenyewe. Njia nzima nilitayarisha hotuba tatu, ya kwanza ya kuomba radhi, ya pili ya kueleza, ya tatu nimeisahau. Mzee Severini alikipokea kikapu, akampa mkewe, ukapikwa. Tukakaa kula. Mchele ulikuwa umevunjika vipande vipande na umejaa chuya, ikawa kila mtu anatafuna kwa hadhari na kutoa maganda mdomoni na kuyapanga ukingoni mwa sinia. Agata alileta mboga, akayaona yale maganda, akaondoka haraka, mabega yakimtikisika.

"Siku ile uliulizwa," Mzee Severini akasema.

"Niliulizwa, baba."

"Kulima shamba la mtu si kitu. Mguu unaweza kupotea. Ila yule mama alikuuliza vizuri, nawe ukamjibu kama mtu anayejua. Nimekaa nikiwaza, siku chakula kikiisha ndani, mwanangu ataambiwa kimeisha, au ataambiwa mambo ni mazuri?"

Hotuba zote tatu zikanitoka kichwani. Nikamwambia sijui. Nikamwambia ningependa kusema ataambiwa kimeisha, lakini najijua naogopa, na kwamba hata huu mchele nilimuuliza Bibi Kalista mara tatu na bado nimeuharibu, na sijui nilipokosea.

Akatoa ganda la chuya kwenye jino, akaliweka ukingoni mwa sinia.

"Agata," akaita. "Kinu kiko nje. Mwonyeshe mwenzio kutwanga."

Basi nikatwanga, mwalimu mzima wa vitabu, kwenye kiwanja cha wakwe, majirani wa Mlabani wakichungulia juu ya ua na kuulizana huyu ni nani, na Agata amesimama pembeni ananiambia si hivyo, si hivyo, unaupiga kama nyoka. Sijawahi kuona haya kiasi kile, na sikutaka kuacha.

Tangu mwaka ule niliapa sitamjibu mtu upesi jambo la shamba, wala la nyumba, wala la moyo. Nisilolijua nasema silijui, na mara nyingi nasema kabla hata sijaulizwa, jambo ambalo mke wangu anasema nalo sasa limezidi.